Zimwi Lisilotaka Kitu

Ukimkaribisha wifi yangu Ardis kahawa, atakwambia hapana, usijisumbue. Usirudishe birika jikoni. Mkaribishe tena, atasema labda tone tu, kama imebaki. Mkaribishe mara ya tatu, umimine huku unaongea mambo mengine, naye atakunywa vikombe viwili na kipande cha keki juu yake. Ndivyo tulivyo sote hapa Hegland, Minnesota, tangu babu zetu walipofika kutoka Norwei na masanduku yao ya mbao na nyuso zao za kuomba radhi. Anayekubali kitu mara ya kwanza anaonekana hakulelewa. Lakini Ardis amezidi. Ardis angeshika moto, ukamletea ndoo ya maji, angekuuliza kama wengine wameshapata.

Kaka yangu Verlyn alimchumbia mara tatu. Mara ya kwanza nje ya kanisa, akajibiwa kwamba wapo wasichana wazuri zaidi. Mara ya pili juu ya trekta, akajibiwa asijiharibie maisha. Mwanamume wa kwingine angeenda zake kulia. Verlyn ni mtoto wa hapa. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, akamwambia mama aanze kufikiria keki ya harusi. Mara ya tatu Ardis alisema, "Haya basi, kama huna mwingine." Mahaba yao mimi niliyasikia siku hiyo tu, na mpaka leo wapo pamoja.

Sasa, mwanamke huyo ndiye aliyekuwa zimwi letu.

Kila Juni tunapofanya sherehe ya asili yetu, watoto wana mambo yao kwenye bustani ya kando ya mto. Wanasukuma lefse, zile chapati zetu nyembamba za viazi, wakijipaka unga mpaka masikioni. Wanarusha vigongo kuangusha vipande vya mbao, mchezo ambao Wasweden wanadai ni wao, na sisi tunawaachia maana hawana mengi. Wanatupa ndoano nyuma ya shuka na kuvua peremende. Lakini wanachokingoja mwaka mzima ni zimwi. Kwenye kilima cha bustani kuna ghala la zamani la viazi, limechimbwa ndani ya udongo na kutiwa mlango wa mbao mbele na mwingine nyuma. Ndani inaning'inia kengele ya ng'ombe. Ukitaka kuipiga kengele ile shurti umpite zimwi, na zimwi halikupishi mpaka ulipe kile linachokitaka.

Zamani zimwi alikuwa Orville, fundi bomba, mpaka mwaka aliovunjika mguu sherehe ikiwa imekaribia. Orville alikuwa mfupi, na lile vazi la ngozi ya ng'ombe lilimtosha Ardis peke yake. Aliombwa mara tatu, kama kawaida. Akaingia ghalani ameinamisha kichwa, nusura auombe radhi mlango. Mimi nilikuwa kwenye foleni na wanangu wawili, namwonea huruma. Ndipo ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"NATAKA!" ilinguruma. "NATAKA KIATU CHA BABA YAKO! CHA KUSHOTO! SASA HIVI!"

Baba wa watu alivua kiatu. Mchungaji alitoa soksi. Meneja wa benki alitakiwa acheze akiwa peku, akacheza. Mtoto mmoja alimtoa mdogo wake, na zimwi likampokea bila kusita, likakaa naye mpaka mama mtu akaja kumkomboa kwa biskuti. Mwanamke ambaye mwaka mzima husema "mimi chochote tu" alikuwa anataka vitu kwa sauti iliyovuka mto. Jioni alirudisha kila kiatu kwa mwenyewe, kimefutwa vumbi, na kuomba msamaha. Lakini mimi nilimwona macho. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizomjua, na tangu hapo zimwi likawa lake, watoto wa mwanzo wakakua wakaleta watoto wao.

Mwaka huu tulipata mwenyekiti mpya wa sherehe. Anaitwa Brandi, ametoka Texas, mumewe anatengeneza mitambo ya upepo. Ni mwanamke mchapakazi, mwenye kicheko kikubwa, na hana ubaya hata wa kuazima. Machi alituita kwenye chumba cha chini cha kanisa kupanga shughuli, na alipofika kwenye mambo ya watoto akamgeukia Ardis.

"Mama Ardis, vipi? Utakuwa zimwi tena mwaka huu?"

Na mwaka huu, nikwambie, Ardis aliutaka uzimwi kuliko mwaka wowote. Mjukuu wake Signe, anayekaa mjini Minneapolis, alikuwa ametimiza miaka mitano. Mwaka uliopita alijificha kwenye shingo ya mama yake asilione zimwi, na majira yote ya baridi alikuwa akipiga simu: "Bibi, mwaka huu nitampita. Nitamletea kitu." Hakujua zimwi ni nani. Ardis alikuwa ameshaishonea ile ngozi mkia mpya na kuipaka rangi pua ya karatasi. Ilikuwa inakauka juu ya friji.

"Aa, hapana," Ardis akasema, akikunjakunja karatasi ya keki. "Nimeshazeeka mimi. Watafutwe vijana."

Chumba kizima tulitulia tukingoja. Brandi alichotakiwa ni kusema tu, "Jamani mama, kweli?" na Ardis angesema, "Labda, kama hamna mwingine," na mambo yangekwenda.

"Sawa kabisa, mama," Brandi akasema. "Nimekuelewa, wala sitakusumbua. Jamani, tumpigie makofi kwa miaka yote hiyo!"

Tukapiga makofi. Mungu atusamehe, tulipiga makofi, na Ardis naye akapiga.

Utaniuliza kwa nini hakuna aliyefungua mdomo. Hapa kwetu kumwambia mtu hadharani kwamba Ardis anataka kitu ni sawa na kumvua Ardis nguo. Na kumwambia Brandi amekosea, hiyo nayo aibu nyingine. Kwa hiyo tulikula keki tukatazama sakafu. Uzimwi akapewa Trent, mwalimu wa michezo, mtoto wa hapahapa, mrefu kiasi kwamba vazi ilibidi liongezewe kipande cha zulia.

"Ni sawa tu," Ardis akaniambia tukiwa kwenye ngazi.

Ukisikia mtu wa Hegland anasema ni sawa tu, mwite daktari. Aprili alisema ni sawa tu, Mei akasema ni sawa tu. Aliosha madirisha yaliyokuwa safi. Verlyn alinipigia simu, yeye ambaye huona simu ni ya wagonjwa.

"LaVonne," akasema, "kalivuta friji, anasugua ukuta wa nyuma yake."

"Na pua bado ipo juu?"

"Kaifunga kwenye mfuko. Kaiweka stoo."

Nilimwambia aende kwa Brandi aseme wazi kama mwanamume. Nikamsindikiza mwenyewe asije akageuzia njiani. Mimi nikakaa kwenye pikapu, dirisha wazi, yeye akagonga mlango na chupa ya jamu mkononi.

"Mvua haijanyesha," Verlyn akasema mlango ulipofunguliwa.

"Kweli kabisa, mzee," Brandi akasema.

"Jana ilitaka kunyesha."

"Eh, niliona mawingu."

Kaka yangu akaangalia viatu vyake. Akaangalia vya Brandi. "Haya basi," akasema, akampa jamu, akarudi garini.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Nimemgusia."

"Umemgusia nini, kaka? Mvua?"

"Kanielewa," akasema, akawasha gari.

Wala hakuwa peke yake. Nusu ya mji ilikwenda pale kusema neno moja, na nusu ya mji ikaishia kuacha keki. Brandi alinishika mkono dukani, machozi yanamlengalenga. "LaVonne, watu wa hapa wema jamani! Kila siku mtu ananiletea keki, anasimama kidogo, anaongea habari za hali ya hewa, anaondoka. Texas hatuna mambo haya." Nilitaka kumwambia. Nikamwambia karibu sana Hegland, nikanunua maziwa, nikaenda zangu.

Sherehe ikafika na jua lake. Bendera zilitundikwa, kinanda cha mkono kilikuwa kinalia, akina mama wamevaa sketi za sufu zenye vifungo vya fedha na wanatokwa jasho wakisema kuna kaubaridi kazuri. Ardis alipangiwa meza ya lefse ya watoto. Aliwafungia aproni, akawaonyesha kusukuma, akageuza chapati zao zenye sura ya ramani kwenye kikaango, na ukimwuliza hali alisema lilelile, ni sawa tu.

Signe alikuja mbio na mama yake, amebeba kitu ndani ya taulo ya jikoni. Akamfunulia bibi yake kidogo. Lilikuwa andazi la iliki, kubwa, limekaa upande, sukari imemwagika upande mmoja.

"Nimeliumba mwenyewe," akasema. "La zimwi hilo. Usiguse, bibi."

"Siligusi," Ardis akasema.

"Litanguruma?"

"Litanguruma sana."

"Siogopi." Alikuwa anaogopa, na raha yenyewe ndiyo hiyo. Ardis alimtazama akienda, kijiti cha kugeuzia lefse mkononi, mpaka mtoto mwingine akamvuta aproni.

Nikaenda na Signe kwenye foleni. Niseme haki: Trent alinguruma vizuri. Alitoka ghalani amejikunja, mikono juu, watoto wakapiga yowe zuri kabisa na baba mmoja akamwaga soda. Kisha kijana wa mbele akamnyooshea kofia ya baba yake.

"Chukua!" akasema.

"Ah, hapana," zimwi likasema kwa upole. "Jua kali leo, baba ataihitaji. Pita tu."

Akaja msichana na peremende.

"Baki nayo, mwanangu. Mimi nimeshakula."

Nikaelewa ubaya uliopo. Trent ni mtoto wa Hegland. Alivaa ngozi, alivaa pua, alivaa hata zulia, lakini malezi yake yalikuwa chini ya vyote hivyo, na mtu aliyelelewa hapa hawezi kupokea kitu mara ya kwanza, akiwa zimwi au akiwa askofu. Watoto walikuwa wakipita na mali zao mikononi, hawajui kama wameshinda au wameshindwa. Kengele ilikuwa imenyamaza.

Signe akafika. Alifungua taulo.

"Nimekuletea andazi."

"Wee! Asante sana," zimwi likasema. "Lakini usingejisumbua."

"Nimeshajisumbua. Hulitaki?"

"Mpe mwingine, mama. Mimi niko sawa."

Signe alilifunika tena kwa taulo. Kisha akapita, akaiangalia kengele, hakuipiga, akatokea upande wa pili na andazi lake. Hakulia mpaka tulipofika meza ya lefse.

"Bibi," akasema, "zimwi halitaki kitu."

"Labda limeshiba, mpenzi."

"Zimwi haliwezi kushiba! Linatakiwa litake! Zimwi lisilotaka kitu ni mtu tu!"

Mtoto akafuta pua kwa mkono, akamnyooshea bibi yake lile andazi juu ya unga. "Basi wewe unalitaka?"

"Aa, hapana, kula we—"

Akaishia hapo. Aliuona uso wa yule mtoto ukishuka, mara ya pili ndani ya dakika tano, kwa maneno yaleyale. Lefse ilikuwa kwenye kikaango, ikaanza kutoa moshi. Ardis hajawahi kuunguza lefse tangu azaliwe. Niliinusa, Verlyn aliyekuwa anabeba viazi aliinusa, meza nzima tukageuka, na yeye hakuiangalia.

"Nalitaka," akasema.

"Kweli?"

"Nalitaka sana. Lakini lishike kwanza. Kaa hapa na LaVonne, usiondoke."

Akafuta mikono, akaizunguka meza, akamwendea Brandi aliyekuwa akigawa maji kwenye sanduku la barafu. Nilimfuata mpaka nikaweza kusikia, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

"Brandi," akasema, "nalitaka zimwi langu."

Brandi alibaki na chupa mkononi. "Lakini mama, ulikataa mwenyewe!"

"Nilikataa mara moja."

"Mara moja? Kwani zinatakiwa mara ngapi?"

Tukatazamana. Hili hakuna aliyewahi kulisema kwa mdomo katika mji huu.

"Tatu," Verlyn akasema, bado amekumbatia ndoo ya viazi. "Mbili za adabu. Ya tatu ndiyo yenyewe."

Brandi akakaa juu ya sanduku la barafu. "Kwa hiyo zile keki zote..."

"Eh," nikasema.

"Na mzee na mvua yake?"

"Na mvua."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasimama akamkumbatia Ardis, na Ardis akasimama wima akavumilia. "Mama yangu," Brandi akasema, "siku nyingine nipige hata kofi."

Trent alikuwa ameshavua pua kabla hatujamaliza kumweleza. "Mama Ardis, chukua, chukua! Mimi niliambiwa nikasema labda kama hamna mwingine, Brandi akaandika ndiyo. Tangu Machi nangoja mtu anitoe." Wakaingia wote wawili ghalani kwa mlango wa nyuma, na zulia likatupwa nje.

Nikamrudisha Signe kwenye foleni. Nilimwambia nimesikia zimwi limepata njaa.

"Halina njaa hilo," akasema. "Limelelewa vizuri."

Mlango ukapigwa teke.

"NATAKA!"

Ndege waliruka kwenye miti ya mtoni. Yule kijana wa kofia, aliyekuwa amerudi kujaribu tena, aliitupa kofia yenyewe na kukimbia. Kengele ikapigwa, ikapigwa tena. Wazee waliokuwa kwenye viti wakaanza kutabasamu kama watu waliosamehewa, na ndivyo tulivyokuwa. Zimwi lilichukua mkanda wa Trent mwenyewe. Lilimdai Brandi awike kama jogoo, naye akawika Kitexas.

"NASIKIA HARUFU YA ILIKI! NANI KAFICHA ANDAZI LANGU?"

"Mimi!" Signe akapiga kelele.

"LETE! LOTE!"

Zimwi lilimpokonya, likalila pale pale mbele yake, lote, sukari inadondoka kwenye ngozi, huku mtoto anarukaruka. "NA KINGINE!"

"Sina kingine!"

"BASI NATAKA..." Hapo sauti ya zimwi ikashuka. "Nataka unikumbatie."

Sisi hapa hupeana mikono hata mazishini. Signe hakufikiri mara mbili. Alilirukia zimwi, akazama kwenye ile ngozi mpaka vikaonekana viatu tu, na zimwi likamshika, likakaa naye, foleni nzima ikangoja na hakuna aliyeguna. Mimi nililia, na sioni haya kulisema. Kisha Signe akaenda akaipiga kengele mpaka Verlyn akaombwa akamtoe.

Jioni tulikusanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa, miguu inauma. Brandi alipita na birika la kahawa, akasimama mbele ya Ardis.

"Mama, kahawa? Kahawa? Kahawa?" akasema bila kuvuta pumzi.

Ardis alikuwa ameshanyoosha kikombe tangu ile ya kwanza. Watu wawili watatu wakaacha kutafuna.

"Na mwaka ujao?" Brandi akauliza, akimimina polepole. "Nani awe zimwi?"

Niliketi karibu yake, nikaliona lile "watafutwe vijana" likimpanda kooni. Alilimeza na kahawa. "Mimi," akasema. Akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakulirudisha.

Tuliondoka jua bado lipo, sote watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mimi dirishani, Ardis katikati na chembe ya sukari kwenye kola. Verlyn aliendesha kimya mpaka tukakaribia njia inayokata kwenda ziwani, ambako alikuwa akimpeleka zamani kabla hawajaoana.

"Tupitie ziwani?" akauliza, macho mbele.

"Ndiyo," Ardis akasema.

Njia tulikuwa tumeshaipita. Maskini kaka yangu hakuwa amekanyaga hata breki. Miaka yote hiyo amezoea kuwa na nafasi ya kuuliza mara mbili zaidi. Alisimamisha gari katikati ya barabara, akamwangalia mkewe kwa muda mrefu, kisha akatia gia ya kurudi nyuma.